Kaliba ipi ikufae kwenye bunduki ya nusu otomatiki: .22, .223, 7.62×39, .300, .308 au 6.5

Anayenunua bunduki ya boliti ya mkono (boliti ni kile kipande kinachoziba nyuma ya mtutu) ana uhuru ambao mnunuzi wa nusu otomatiki hana. Kwenye ile ya kwanza mkono ndio unaotoa ganda na kuingiza risasi nyingine, kwa hiyo risasi dhaifu au kali, chafu au safi, zote zitafanya kazi alimradi ni za chemba hiyo, yaani nafasi ya mtutu inapokaa risasi. Kwenye nusu otomatiki kazi hiyo inafanywa na risasi yenyewe. Gesi yake, au msukumo wake wa kurudi nyuma, ndio unaorudisha boliti, kung'oa ganda, kulitupa nje, kukaza springi na kupandisha risasi inayofuata. Risasi ndiyo mafuta ya mashine. Kwa sababu hiyo, anayelinganisha kaliba kwa nguvu zake peke yake anaacha nusu ya habari: inafanya nini kwenye shabaha, na inafanya nini ndani ya bunduki.

Kabla ya yote, kibali. Nchi nyingi haziruhusu raia kumiliki nusu otomatiki ya risasi zenye fataki ya katikati, yaani zile ambazo dawa ya kuwashia iko katikati ya kitako cha ganda, si ukingoni kama .22. Uingereza, kwa mfano, tangu 1988 imewaachia raia .22 tu kwa bunduki za aina hii. Kwingine kuna kikomo cha idadi ya risasi kwenye magazini. Sheria za uwindaji nazo mara nyingi hutaja kipenyo au jouli za chini kwa kila mnyama, na .223 ndiyo hukataliwa zaidi kwa wanyama wa ukubwa wa swala. Uliza mapema, maana orodha ya hapa chini inaweza kubaki na mstari mmoja kabla hujaanza kupima bei.

| Kaliba | Kichwa (greni) | Mwendo (m/s) | Nguvu mdomoni (J) | Teke (J) | Uzito wa risasi 100 |
|---|---|---|---|---|---|
| .22 LR | 40 | 330–380 | 140–190 | chini ya 1 | gramu 340 |
| .223 / 5.56×45 | 55 | 930–990 | 1,540–1,740 | 5 | kilo 1.2 |
| .300 Blackout | 125 | 670–690 | 1,820–1,930 | 7 | kilo 1.5 |
| 7.62×39 | 123 | 710–730 | 2,010–2,120 | 9 | kilo 1.6 |
| 6.5 Creedmoor | 140 | 800–825 | 2,900–3,090 | 16 | kilo 2.3 |
| .308 / 7.62×51 | 150 | 820–860 | 3,270–3,590 | 20 | kilo 2.4 |

Kichwa ni kile kipande kinachorushwa, greni moja ni karibu gramu 0.065, na teke ni pigo la bunduki begani. Namba za mwendo ni za mitutu ya inchi 16 hadi 24, na teke limekadiriwa kwa bunduki za kawaida za kaliba hizo, yaani kilo 3 hadi 4.5. Usizichukulie kama ahadi. Mtutu ukifupishwa inchi moja, .223 hupoteza takriban mita 8 kwa sekunde, na boksi la risasi huandikwa kipimo cha mtutu mrefu wa kiwandani, si wako.

.22 LR

Tunaianza kwa sababu ndiyo jibu sahihi kwa wanunuzi wengi kuliko wanavyopenda kukubali. Imekuwapo tangu 1887, haina teke la kutaja, na risasi zake ndizo za bei nafuu kuliko zote. Anayefyatua risasi 200 za .22 kila juma atampita kwa shabaha anayefyatua 20 za .308 kwa mwezi.

Boliti yake haina kufuli. Inazuiwa na uzito wake na springi tu, na kila mlio huirudisha nyuma. Ruger 10/22, iliyotoka 1964 na magazini yake ya kuzunguka ya risasi 10, ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Kwa kuwa springi na uzito vimepimwa kwa risasi za mwendo wa juu, risasi za polepole, zile za mita 320 kwa sekunde au chini ya hapo, huenda zisirudishe boliti mpaka mwisho: ganda linabaki limebanwa mlangoni, au risasi mpya haishikwi. Ukitaka kutumia za polepole, zijaribu kwenye bunduki hiyohiyo kabla ya kununua nyingi.

Udhaifu mwingine uko kwenye fataki. Katika .22 dawa ya kuwashia imesambazwa ndani ya ukingo wa ganda, na pini hugonga ukingo huo sehemu moja. Mahali hapo pakikosa dawa, risasi haiwaki. Weka mtutu uelekee shabaha, subiri sekunde 30, kisha toa risasi. Ukiigeuza nusu mzunguko na kuirudisha, mara nyingi itawaka, kwa kuwa sasa pini inagonga upande mwingine. Ikikataa tena, iweke kando na usiijaribu mara ya tatu.

Uchafu wake ni wa madini ya risasi na nta inayopakwa nje ya kichwa. Hujikusanya mdomoni mwa chemba, risasi zikaanza kuingia kwa shida baada ya mia tatu au tano. Brashi fupi ya shaba kwenye chemba na kitambaa usoni mwa boliti vinatosha. Kuusugua mtutu mzima kila siku hakuna faida.

Kwa umbali, risasi ya bunduki iliyosawazishwa mita 50 (yaani iliyopangwa igonge pale unapolenga kwa umbali huo) itashuka kati ya sentimita 15 na 22 ikifika mita 100, kulingana na mwendo wa risasi. Upepo mdogo tu unaisogeza. Sungura na ndege wakubwa ndani ya mita 50, sawa. Zaidi ya hapo ni karatasi na makopo. Ila udogo wake usikudanganye: risasi iliyorushwa juu inaweza kusafiri kilomita moja na nusu.

.223 Remington na 5.56×45

Hapa ndipo pana maneno mengi, na mengi yanahusu chemba. Kwa nje risasi hizi mbili hazitofautiani. Tofauti iko kwenye koo la chemba, yaani ile nafasi kati ya mdomo wa ganda na mahali mifereji ya mtutu inapoanzia. Koo la 5.56 ni refu zaidi. Risasi ya 5.56 ikiwekwa kwenye chemba ya .223, kichwa kinakutana na mifereji mapema na shinikizo linapanda kupita kipimo. Kwa kawaida bunduki haipasuki siku hiyo. Kinachotokea ni kwamba fataki zinaanza kutoka kwenye maganda. Fataki moja iliyochomoka huanguka kwenye nafasi ya triga, ikakaa chini ya ulimi wake, na bunduki inagoma kufyatua bila sababu inayoonekana. Ukikuta hivyo, usitafute springi iliyovunjika. Fungua, toa kile kipande cha chuma, kisha soma maandishi ya mtutu na ya boksi.

Kinyume chake ni salama: .223 kwenye chemba ya 5.56 haina tatizo, huenda tu ikapoteza kidogo usahihi. Chemba iitwayo .223 Wylde imekatwa ili ipokee zote mbili na bado ilenge vizuri. Kwa mnunuzi wa mara ya kwanza, mtutu ulioandikwa 5.56 au Wylde unaondoa swali zima.

Jambo la pili ni msokoto wa mifereji. Namba 1:9 maana yake kichwa kinazunguka mara moja kila inchi 9. Vichwa virefu, ambavyo ndivyo vizito, vinahitaji mzunguko wa haraka zaidi:

- 1:12 hutosha kwa greni 55 na chini ya hapo.
- 1:9 hubeba 55 hadi 69.
- 1:8 hubeba karibu zote za kawaida mpaka 77, na ndiyo tunayoipendekeza kwa asiyejua atatumia zipi.
- 1:7 imekusudiwa 62 hadi 77 na zaidi.

Namna ya kujua kwamba msokoto haulingani na kichwa ni rahisi: tazama matundu kwenye karatasi. Tundu la duara ni zuri. Likiwa na umbo la yai, au kama risasi imepita ubavu, kichwa kinayumba hewani na hakuna darubini itakayorekebisha hilo.

Bunduki nzuri ya kaliba hii hupanga risasi tano ndani ya sentimita 3 hadi 5 kwa mita 100, na teke lake ni dogo kiasi kwamba macho hayapotezi shabaha. Kwa mbweha na wanyama waharibifu wa ukubwa huo inafaa mpaka mita 200 na ushee. Kwa swala na nguruwe pori hatuishauri hata pale sheria inaporuhusu: kichwa chepesi cha greni 55 hupasuka kikigonga mfupa wa bega, na mnyama anaondoka na jeraha.

Angalizo kwa wanaolenga sahani za chuma: risasi za greni 62 zenye ncha ya kijani zina chuma ndani. Sumaku ikishika kichwa, viwanja vingi vitakukatalia, kwa sababu zinachimba sahani, na zikigonga jiwe zinatoa cheche kwenye nyasi kavu.

7.62×39

Ilibuniwa Urusi ya Kisovieti mwaka 1943, na bunduki mbili ndizo zilizoitangaza: SKS yenye magazini isiyotoka ya risasi 10, na jamii ya AK. Kwa kichwa cha greni 123 ina nguvu mdomoni kuliko .223, lakini kichwa hicho ni kifupi na kinene, kinapoteza mwendo haraka. Ukiisawazisha mita 100, kwenye 200 imeshashuka karibu sentimita 25, na kwenye 300 unazungumzia sentimita 80 na zaidi. Kaliba ya mita 150 hadi 200, basi. Ndani ya masafa hayo, kwenye vichaka, kwa nguruwe pori na swala wadogo ikiwa na kichwa cha ncha laini, inafanya kazi vizuri kuliko .223.

Usahihi wake mdogo hutokana zaidi na bunduki na risasi za bei nafuu kuliko kaliba yenyewe. Kundi la sentimita 9 hadi 12 kwa mita 100 ni la kawaida. Anayetaka matundu yagusane asinunue hii.

Ganda lake limechongoka kuelekea mbele. Mchongoko huo ndio unaolifanya ling'oke kirahisi hata chemba ikiwa chafu, na ndio uliofanya magazini zake zipinde sana. Ukiona bunduki yenye umbo la AR (jamii ya AR-15) iliyotengenezwa kwa 7.62×39, angalia mambo matatu kabla ya kulipa. Kwanza magazini: ikiwa imenyooka, risasi za katikati zitakwama. Pili boliti: kitako cha ganda hili kina upana wa milimita 11.35 dhidi ya 9.6 za .223, hivyo uso wa boliti umechimbwa zaidi na chuma kilichobaki ni chembamba; ndoano ya kung'olea ganda ndiyo huvunjika mapema, weka ya akiba. Tatu pini: fataki za risasi za kijeshi ni ngumu, na pini fupi huacha alama ndogo bila kuwasha.

Risasi nyingi za zamani za kaliba hii zina fataki zinazoozesha chuma. Dawa yake ikiungua huacha chumvi, chumvi hunyonya unyevu wa hewa, na mtutu unaanza kutu usiku huohuo. Kosa la kawaida ni kumwaga mafuta. Mafuta hayayeyushi chumvi; yanaifunika tu ikaendelea kula chini. Kinachotakiwa ni maji, ya moto yakipatikana. Siku hiyohiyo ya kufyatua, pitisha maji kwenye mtutu kutoka upande wa chemba, yapitishe pia kwenye bomba la gesi, pistoni na uso wa boliti. Futa kwa vitambaa vikavu mpaka kitambaa kitoke kikavu, acha joto la chuma likaushe kilichobaki, ndipo upake mafuta mepesi. Watu husafisha mtutu ukang'aa, wakasahau pistoni. Miezi sita baadaye pistoni haitoki.

SKS ina hatari nyingine. Pini yake kwa kawaida haina springi, inaelea ndani ya boliti. Ikigandishwa mbele na ile grisi nzito ya kuhifadhia, boliti ikijifunga inafyatua yenyewe, na inaweza kuendelea mpaka magazini iishe. Kabla ya kutumia SKS uliyoinunua, toa boliti, itikise karibu na sikio. Lazima usikie pini ikicheza mbele na nyuma. Kama husikii, ifungue na uisafishe kwa kiyeyusho mpaka icheze. Siku ya kwanza weka risasi mbili tu.

.300 Blackout

Ilipata viwango vyake rasmi 2011. Ni ganda la .223 lililofupishwa na kupanuliwa mdomo likabeba kichwa cha milimita 7.82. Faida yake yote iko hapo: boliti ileile, magazini ileile, springi zilezile, unabadilisha mtutu tu. Kwa kichwa cha greni 110 hadi 125 inakaribia sana 7.62×39, na inavumilia mtutu mfupi kuliko .223 kwa sababu baruti yake huungua haraka. Kuna pia risasi za greni 200 na ushee zinazotembea chini ya mwendo wa sauti, kama mita 310 kwa sekunde. Hizo huhitaji mfumo wa gesi uliopangwa kwa ajili yake, na zinashuka sana zikivuka mita 100.

Ila kufanana huko ndiko kunakovunja bunduki. Risasi ya .300 inaweza kuingia kwenye chemba ya .223. Ganda lake ni fupi, kichwa hugonga bega la chemba na wakati mwingine husukumwa ndani ya ganda, boliti ikajifunga kama kawaida. Ukivuta triga, kichwa cha milimita 7.82 kinalazimishwa kwenye mtutu wa milimita 5.7. Shinikizo halina pa kwenda. Mwili wa bunduki na magazini hupasuka mkononi. Mwenye kaliba hizi mbili nyumbani hana budi kuwa na utaratibu: magazini za .300 za rangi tofauti au zenye utepe mpana, mabegi mawili, na kaliba moja tu mezani kwa wakati mmoja. Ukijaza magazini, soma maandishi ya kitako cha ganda, si ya boksi, maana risasi za kubaki hurudishwa kwenye boksi lolote. Kwa familia yenye watumiaji kadhaa wa bunduki moja, tungechagua 7.62×39 badala ya hii kwa sababu hiyo tu.

.308 na 6.5 Creedmoor

Hizi mbili hukaa kwenye bunduki ya ukubwa uleule na hutumia boliti ya upana uleule, kwa hiyo swali ni la matumizi. .308 ilitoka 1952, na ndugu yake wa kijeshi 7.62×51 akapokelewa 1954. 6.5 Creedmoor ililetwa na Hornady 2007 kwa ajili ya mashindano ya masafa marefu.

Tofauti iko kwenye upepo. Upepo wa ubavuni wa kilomita 16 kwa saa utasogeza kichwa cha .308 cha greni 168 karibu sentimita 65 kwenye mita 500, cha 6.5 cha greni 140 kama 45. Kwenye mita 200 tofauti hiyo ni ndogo kuliko makosa ya mpigaji. Kichwa hicho cha greni 168 huanza kuyumba kikikaribia mita 900, kinaposhuka kwenye mwendo wa sauti, ilhali 6.5 inapita kilomita moja ikiwa bado juu yake. Kwa hiyo: unapiga zaidi ya mita 500 mara kwa mara? 6.5. Hupigi? Endelea kusoma.

Mtutu wa 6.5 huchoka mapema. Kwa anayedai usahihi wa mashindano, ni risasi 2,000 hadi 3,000, wakati .308 hupita 5,000. Mtu wa risasi mia moja kwa mwezi atabadilisha mtutu wa 6.5 baada ya miaka miwili hivi, na wa .308 baada ya miaka minne na zaidi. Pia 6.5 inataka mtutu wa inchi 22 ili itoe inachoahidi; .308 hufanya kazi vizuri na inchi 18, ikipoteza kama mita 40 kwa sekunde ikilinganishwa na 24. Kwa kuwinda swala wakubwa, kulungu na nguruwe pori ndani ya mita 300, .308 na kichwa cha greni 150 hadi 165 haihitaji kutetewa.

Gharama ya .308 ni uzito na teke. Bunduki zenye umbo la AR-10, ndugu mkubwa wa AR-15, huwa na kilo 3.8 hadi 4.5 kabla ya darubini. Ongeza darubini, miguu miwili ya kuegemezea mtutu na risasi 20, umefika sita. Jouli 20 za teke hazimuumizi mtu mzima aliyekaa vizuri, lakini baada ya risasi 40 wengi wanaanza kufumba macho kabla ya mlio. Browning BAR ya kuwindia, ya mwaka 1967, ni nyepesi zaidi na ina magazini ndogo. Ndiyo tunayoiona inafaa mwindaji wa kutembea, ingawa kuifungua ili kuisafisha ni kazi ya subira.

Jambo linalowakwaza wengi kwenye AR-10 ni vipuri. AR-15 ina vipimo vinavyofuatwa na karibu kila mtengenezaji. AR-10 haina. Kuna mkondo wa DPMS na mkondo wa ArmaLite, na magazini, mitutu na vifuniko vya mkono vya huku haviingii kule. Andika jina la mkondo wako kwenye karatasi kabla hujaagiza hata springi.

Nusu otomatiki za mkondo wa M14, bunduki ya zamani ya jeshi la Marekani, kama M1A, ni chaguo la anayependa mbao na chuma, na zina masharti. Fimbo yake ndefu inayosukuma boliti hupinda ikilishwa risasi za vichwa vizito kupita greni 180 au baruti ya kuungua polepole, kwa sababu shinikizo kwenye tundu la gesi linabaki kubwa kupita kiasi. M1 Garand ya .30-06, iliyopokelewa na jeshi la Marekani 1936, ina ugonjwa uleule: ilipangwa kwa risasi za kijeshi, si kwa risasi kali za kuwindia za leo. Zote mbili zina pini inayoelea, basi usidondoshe risasi moja ndani ya chemba na kuiachia boliti ijifunge kwa nguvu. Pakia kupitia magazini.

Wawili wawili

.22 au .223, kwa anayeanza: .22, kisha .223 baadaye. Ukipata bunduki ya .22 yenye umbo na triga kama ile utakayonunua mbele, mazoezi hayapotei.

.223 au 7.62×39: kama lengo ni usahihi kwenye karatasi na wanyama wadogo, .223. Kama ni nguruwe pori vichakani ndani ya mita 150, 7.62×39. Wingi wa risasi katika eneo lako unaweza kugeuza jibu hili, na si vibaya ukigeuza.

7.62×39 au .308: hapa watu hudanganywa na tarakimu 7.62. Kwenye mita 200 .308 ya greni 150 bado ina takriban jouli 2,400, yaani kuliko 7.62×39 ilivyo mdomoni. Si jamii moja.

.300 au .223: chukua .300 kama tu una mtutu mfupi na sababu ya kutaka kichwa kizito kwa umbali mdogo.

Kabla ya kununua risasi kwa wingi

Bunduki mbili za kiwanda kimoja, namba zinazofuatana, zinaweza kupenda risasi tofauti. Chukua aina tatu, boksi moja la risasi 20 kwa kila aina. Vaa kinga za masikio na macho, kaa mezani, weka bunduki juu ya mfuko wa mchanga. Piga makundi matatu ya risasi tano kwa kila aina, ukiacha mtutu upoe dakika kadhaa kati ya kundi na kundi. Mtutu wa moto hutawanya risasi, ukalaumu boksi bure. Tano zilizobaki zitumie kujaribu magazini nyingine.

Wakati unapiga, mwombe mwenzako atazame maganda yanaangukia wapi. Kwenye bunduki za umbo la AR, maganda yakiruka kulia na nyuma kidogo, gesi iko sawa. Yakirushwa mbele kwa kasi, gesi imezidi: boliti inarudi kabla ganda halijalegea, ndoano inakwangua ukingo, na teke linakuwa kali kuliko lilivyopaswa. Kipunguza gesi kinachorekebishika au bafa nzito (kile kizito kilicho nyuma ya boliti) hutibu hilo. Yakidondoka nyuma kabisa karibu na bega, au boliti isiposhika nyuma magazini ikiisha, gesi ni pungufu, au risasi ni dhaifu kwa bunduki hiyo. Okota maganda kumi uyaangalie kitako: fataki iliyobapa kabisa na kuchukua umbo la uso wa boliti, au ukingo uliong'olewa, ni ishara ya kuacha aina hiyo.

Ukisikia mlio mdogo usio wa kawaida, acha kila kitu. Usipandishe risasi nyingine. Toa magazini, fungua boliti, hakikisha chemba ni tupu, kisha pitisha fimbo ya kusafishia kutoka mdomoni. Ikigonga kitu njiani, kuna kichwa kimebaki ndani, na risasi inayofuata ingepasua mtutu.

Aina iliyopanga kundi dogo na kutupa maganda vizuri ndiyo ya kununua. Boksi lake lina namba ya toleo imegongwa kwenye kifuniko au ubavuni. Nunua za namba hiyohiyo kadiri unavyoweza, kwa sababu toleo linalofuata linaweza kuwa na baruti tofauti kidogo na itakubidi usawazishe darubini upya.